Muoshaji Aliyeitwa Mapema

Hiki ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kampala, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu nawajua watu. Ukisema umeona kitu, watakuuliza kama ulikuwa umelala, kama ulikuwa na homa, au kama mume amekuacha. Sikuwa nimelala, homa sikuwa nayo, na wa kuniacha sina. Tena mimi si mtu wa kuaminiamini. Nikienda Kalerwe kununua nyanya naigeuza moja moja, mpaka muuzaji ananiuliza kama nataka kuipeleka nyumbani au kuiposa. Salamu ya nisiyemjua naifikiria kabla ya kuiitikia. Basi mtu wa namna hiyo akikwambia jambo limetokea, ujue ameshalipekua kila upande na hakuona pa kutokea.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Ofisi yetu iko Ntinda, juu ya duka la magodoro, na tuko wawili tu, mimi na Okello. Okello ni mtoto wa kambini. Baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, na Kiswahili chake ni kile cha jeshi, kifupi na cha kukata. Mimi changu nilikikuta nyumbani. Wazee wetu walikuja nchi hii na biashara kutoka pwani, wakatua, wakazaa, na mpaka leo shangazi yangu anakaa Kisenyi nyuma ya magereji, anauza vitambaa na kufundisha watoto Kurani.

Huyu shangazi, ambaye wengine wote wanamwita Hajati, ndiye kiongozi wa waoshaji. Akifariki mwanamke Mwislamu maeneo yale, ni wao wanaokwenda kumwosha na kumkafini. Hawalipwi kitu. Wana taratibu zao walizorithishana. Walichokiona kwenye maiti hakitoki mdomoni. Hawaingii chumbani mpaka mwenye maiti awape ruhusa. Na muoshaji akishashika birika kwa ajili ya mtu, haliweki chini mpaka kazi yake iishe. Hata mvua ikinyesha, hata wakimkuta mwenyeji amefunga geti, atakaa nje na birika lake.

Shida yao ilikuwa kuitana. Huyu yuko sokoni, yule ana mjukuu mgonjwa, mwingine simu imezima, na maiti haingoji. Shangazi akaniomba niwatengenezee programu ndogo, kila mmoja aone nani yuko huru. Nikaitengeneza, wakaipenda, halafu wakaanza kulalamika kwamba wanasahau kuifungua. "Mwanangu," shangazi akanambia, "sisi simu tunaitazama ikilia tu. Ifanye iingie kwenye kalenda yetu yenyewe, ituwekee zamu humo, na itukumbushe."

Haikuwa kazi kubwa. Ila simu haikubali programu iingie hivihivi kwenye kalenda ya mtu. Ni lazima mwenye simu aulizwe kwanza. Linatokea dirisha dogo katikati ya kioo: Je, unairuhusu programu hii isome kalenda yako na iandike humo? Chini yake vitufe viwili, Ruhusu na Kataa. Wewe mwenyewe umeshaliona mara ngapi dirisha hilo? Na umewahi kulisoma mpaka mwisho?

Jumatatu nikaenda Kisenyi kuwawekea. Akina mama waliketi sebuleni kwa shangazi, wakanikabidhi simu zao kama watoto wanaopelekwa chanjo, na mimi nikawa nabonyeza, Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Nilipodhani nimemaliza, shangazi akaingia chumba cha stoo wanakoweka vifaa vyao, akatoka na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na simu iliyofungwa kwenye leso.

"Na hii," akasema. "Hii ndiyo namba ya chama."

Ilikuwa simu ya marehemu Bi Mastura, aliyeanzisha chama hicho. Mimi sikuwahi kumwona, maana nililelewa Jinja na nimehamia Kampala yeye akiwa ameshazikwa. Alipofariki hawakutaka kubadili namba. Kisenyi nzima iliijua, na mtu akifiwa vidole vyake vinaikimbilia yenyewe. Shangazi akaniambia kwamba mwisho wa umri wake Bi Mastura alianza kusahau, hivyo kila zamu aliiandika kwenye kalenda ya simu hiyo, kwa mkono wake, mtu na mahali na saa.

Ningekuwa mwangalifu kama ninavyojisifu, hapo ningeuliza. Simu ni ya marehemu, kalenda ni ya marehemu, nani sasa wa kutoa ruhusa? Lakini chai ilikuwa imeletwa, na sambusa, na mimi kidole kilikuwa kimeshazoea. Dirisha likatokea. Nikabonyeza Ruhusu.

Kesho yake kabla ya alfajiri akina mama wote wakaamshwa na simu. Shangazi alikuwa ameweka kikao cha majaribio saa nne asubuhi, simu zikalia saa kumi za usiku. Mume wa mmoja wao alivaa kanzu akatoka nje akidhani wamefiwa. Shangazi akanipigia akiwa na hasira zake zote.

Kosa nikaliona mara moja. Ni kosa la kwetu hapa, nadhani kwingine wasingeweza hata kulifikiria. Sisi tunasema saa nne na mkono unaandika kumi, na hakuna anayeona ajabu. Waganda hivyo hivyo. Sasa Okello alipoandika sehemu ya kusoma saa, alichukua namba kama ilivyo. Mama akiandika saa 4 asubuhi, programu inaelewa nne ya Kizungu, saa sita nzima kabla ya wakati. Nami niliipitisha, nikijua wazi kwamba shangazi yangu hajawahi kuiita saa nne kumi maisha yake yote. Nikamwahidi nitairekebisha mwisho wa wiki. Nilikuwa na jambo kubwa zaidi nyumbani.

Jambo hilo ni Shamim, mdogo wangu wa pekee. Mama yetu alishatangulia, na mume wa Shamim ni dereva wa malori ya Juba, akitoka hatujui atarudi lini. Kwa hiyo alikuja kujifungulia kwangu Ntinda. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache kabla, salama, tukarudi nyumbani, nikawa napika uji na kufua nepi huku nikifanya kazi za ofisi mezani. Alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni usingizi, mwanao halali. Miguu ilimvimba. Nikamwambia ni uzazi, inyanyue juu ya mto. Hayo nimeyasema mimi, kwa mdomo huu.

Jumanne mchana, nikiwa ofisini, nikafungua programu nione kalenda za akina mama zimeingiaje. Zamu zao zilikuwepo, mbili tatu, za kawaida. Chini kabisa palikuwa na moja nisiyoitambua. Iliandikwa hivi: Ntinda, geti la bluu, ghorofa ya pili. Alhamisi. Saa 5 usiku.

Mimi nakaa Ntinda. Geti letu ni la bluu. Nakaa ghorofa ya pili.

Unajua nilichofanya? Nilimgeukia Okello. Nilimwangalia vizuri, maana kijana yule anapenda utani wa kijinga, aliwahi kunibandikia kwenye kiti karatasi ya mnada. Nikamuuliza kama ni yeye. Akaja akasoma, na uso wake ukabadilika.

"Mimi hapana gusa hiyo kitu, dada," akasema. "Mambo ya maiti mimi hapana cheza nayo. Hata baba yangu askari alikuwa naogopa."

Sikumwamini. Nikapitia kila kilichoandikwa kwenye mashine zetu mbili, nikaangalia nani aliingia na lini. Hakuwa yeye. Nikaifuta ile zamu. Nikanywa maji, nikarudi, ipo. Nikaifuta tena, ikarudi tena. Hapo nikaelewa kwa upande wa kazi yangu: ukumbusho ambao hukuuandika wewe huwezi kuufuta, unaweza tu kuuondoa machoni pako, na mwenyewe akiwa bado anao unarudi. Nikatazama mwenyewe ni nani. Ni ile namba ya chama.

Basi shaka yangu ikahamia Kisenyi. Nikasema kuna mtu anachezea simu ya marehemu. Labda mama mmoja hanipendi, labda hakupenda kuamshwa usiku. Ntinda mageti ya bluu ni mengi, nikajiambia, na ghorofa ya pili si yangu peke yangu. Jumatano nikaenda. Shangazi akafungua stoo kwa ufunguo anaouvaa shingoni, akatoa kopo la biskuti, akafungua leso. Simu ilikuwa imezima. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, haikuwaka. Chaji ilikuwa imekwisha tangu Jumatatu usiku, shangazi akasema, na chaja yenyewe iliharibika, walikuwa wanangoja kununua nyingine.

"Kwa nini unaulizia?" akasema.

Nilitazama tu ile stoo. Ndoo zimepangwa, sabuni, kafuri ya maiti kwenye chupa, ubao wa kuoshea umeegemezwa ukutani, na juu ya msumari birika la bati la rangi ya kijani, mdomo wake umepinda kidogo. Likanikaa machoni bila sababu. Nikaaga nikaondoka.

Sasa sikiliza hapa.

Alhamisi sikwenda ofisini. Sikumwambia Shamim kwa nini. Nilifunga geti mwenyewe, nikamwambia askari wetu asimfungulie mtu bila kunipigia simu. Nikajipanga kukesha. Saa tano usiku ikifika, nikasema, nitakuwa nimekaa mlangoni na taa zote zikiwaka, na huyo mcheza utani tutakutana. Jioni mtoto akalala, Shamim naye akajilaza, kitambaa cha maji usoni, akasema mwanga unamuumiza, anaona kama vimulimuli. Nikafunga pazia. Nikaenda jikoni kumenya matoke.

Nikasikia hodi.

Sauti ya mwanamke mtu mzima, ya taratibu, ya mtu mwenye adabu zake. Nami, niliyejipanga kwa usiku, niliyeweka askari na kufunga geti, nikaitika nikiwa na kisu mkononi, "Karibu." Utanilaumu, lakini nani kati yetu anayeweza kunyamazia hodi ya mtu mzima? Mdomo unajibu wenyewe.

Alipofika mlango wa jikoni alikuwa ameshavua viatu. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, amevaa dera jeupe lililofuliwa mpaka limekuwa laini, mtandio umefungwa kwa nyuma kama wanavyofunga wanaotaka kufanya kazi. Nikadhani ni mmoja wa akina mama wa shangazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza hali. Halafu harufu ya kafuri ikajaa jikoni. Nikatazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimekunjamana, vyeupe nchani, kama vya mtu aliyefua siku nzima. Na vilikuwa vinadondosha maji, tone moja moja, kwenye sakafu yangu niliyoipiga deki asubuhi. Mkono wa kulia alishika birika la kijani, la bati, mdomo umepinda.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamuuliza nani.

"Wa saa tano."

Yeye hakungoja. Akapita mbele yangu akaingia chumbani, akainama juu ya mdogo wangu, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya vidole. Shamim akajikunja, akasema kwa sauti ya usingizini, "Dada, mbona baridi?"

Yule mwanamke akanyooka. Sikuona hasira usoni pake wala ubaya. Alikuwa amekereka tu, kama fundi aliyeitwa kupaka rangi akakuta ukuta haujapigwa lipu.

"Huyu bado ana joto," akasema. "Kwa nini mmeniita?"

"Hatukukuita," nikasema. "Nani amekuruhusu kuingia humu?"

"Wewe. Jumatatu, pale kwa Hajati. Uliulizwa ukaruhusu. Na ukumbusho umenilia sasa hivi."

Simu yangu mezani nayo ilikuwa inatetemeka. Nikaichukua. Kioo kilikuwa kinawaka: Ntinda, geti la bluu, ghorofa ya pili. Saa 5 usiku. Na juu yake saa ya simu ilionyesha tano kamili, ile ya Kizungu, yaani saa kumi na moja jioni. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira uani, nawasikia.

Hapo ndipo akili ilinirudi, tena ilirudi kwa mkupuo. Ni lile kosa. Ameandikiwa saa tano usiku, programu yetu mbovu imemwita saa sita kabla. Huyu hakukosea nyumba. Hakukosea mtu. Alichokosea ni saa, na kosa hilo lilikuwa langu. Na kama muoshaji anatakiwa hapa saa tano, basi mdogo wangu anakata roho kabla ya hapo, na mimi hapa namenya matoke.

Nilimnyanyua Shamim kama gunia. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikampigia simu jirani wa chini mwenye gari. Yule mwanamke alisimama tu kando ya mlango na birika lake, akinitazama. Nilipotaka kupita akanyoosha mkono, hakunigusa.

"Na zamu yangu?" akauliza. "Birika nimeshalishika."

Nakumbuka nililia wakati huo. Nilimwambia, "Mama, nakuomba. Ana mtoto wa siku chache. Nakuomba."

Akatazama mtoto mgongoni kwangu. Akatazama simu yangu. "Vidole vyangu vina maji," akasema, "kioo hakinisikii. Nibonyezee wewe."

Chini ya ule ukumbusho palikuwa na vitufe viwili, niliviweka mwenyewe, kwa ajili ya akina mama waliochelewa sokoni. Nimemaliza, na Baadaye. Cha kwanza sikuthubutu hata kukipitishia kidole. Nani anajua amemaliza nini? Nikabonyeza Baadaye. Kikatokea kisanduku cha kuandika siku.

"Baadaye lini?" akauliza.

"Baadaye tu."

"Siku huandiki?"

"Siandiki."

Akatikisa kichwa polepole. "Wote husema hivyo," akasema, akasogea kunipisha. Sikugeuka nyuma. Askari wetu getini ataapa mpaka leo kwamba siku ile hakuingia mtu, na nilimbana sana, maana naye nilimshuku.

Foleni ya Ntinda jioni unaijua. Jirani alipita juu ya kingo, alitukanwa, tukafika hospitali. Shamim alianza kutupa mikono na kugeuza macho akiwa ameshalazwa, mikononi mwa wauguzi. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliniambia baadaye kwamba ni presha, hiyo inayowapanda wazazi wengine hata baada ya kujifungua, na kwamba kichwa na miguu na vile vimulimuli vilikuwa vinatuambia siku zote hizo. Akaniuliza nilijuaje kumleta wakati ule. Nikamwambia nilihisi vibaya. Ungemwambia nini wewe?

Saa tano usiku nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido, mtoto kifuani, simu mkononi. Ikatetemeka mara moja. Imeahirishwa, iliandika. Basi. Nikaenda kuchungulia kwenye mlango wa wodi. Shamim alikuwa anapumua, mdomo wazi, anakoroma kama alivyokuwa akikoroma tukiwa watoto na mimi nikimpiga teke. Sijawahi kusikia sauti tamu kuliko hiyo.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda Kisenyi nikamweleza shangazi yote. Nilipofika kwenye vidole alifumba macho. Nilipofika kwenye birika akasimama, akatoa ufunguo shingoni. Lile birika lilikuwa kwenye msumari wake, kama nilivyoliona Jumatano. Shangazi akalitoa, mkono ukamshuka kwa uzito. Lilikuwa limejaa maji pomoni. Akaniambia nitie kidole. Yalikuwa ya vuguvugu, kama yanavyotakiwa kuwa kwa kazi ile.

"Mastura," shangazi akasema, kama mtu anayemuita rafiki aliye chumba cha pili. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Huyu maisha yake yote hakuwahi kuchelewa. Nilikuwa namwambia, utakuja kufika kabla ya maiti." Akacheka kidogo, halafu akalia, nami nikalia naye.

Utaniuliza kama niliirekebisha programu. Niliirekebisha. Akina mama wote sasa wanaitwa saa zao, saa nne ni saa nne. Simu zote, isipokuwa moja. Ya Bi Mastura sikuigusa. Tulinunua chaja mpya, tukaiwasha, nikafungua mahali pa ruhusa, kidole kikawa juu ya Kataa. Shangazi akanishika mkono. "Ukimfungia mlango," akasema, "hatakuja mapema. Atakuja kwa wakati wake." Mimi ni mtu wa shaka. Nililipekua jambo hilo siku nyingi. Mpaka leo ruhusa ipo, na kosa la saa sita bado limo mle ndani. Okello anajua. Alisema, "Wacha hivyo, dada," na hajaniuliza tena.

Ule ukumbusho nao upo. Hauna siku. Umeandikwa Baadaye, unakaa chini kabisa ya kalenda yangu, na kila nikibadili simu unanifuata.

Shamim amepona, mtoto wake anatembea na anavunja vikombe vyangu. Walihamia kwao Kawempe mumewe aliporudi. Sijamwambia neno. Ila kila siku, saa kumi na moja jioni, popote nilipo, nampigia. Akipokea namuuliza kapika nini. Ananiambia maharage, au samaki, au ananiambia dada una kazi gani wewe, kila siku kuulizia sufuria za watu. Naye siku akichelewa kupokea, naanza kunusa hewa kama kuna kafuri.

Kwa hiyo nakuonya, na usidhani ni mzaha. Hilo dirisha dogo likitokea kwenye simu yako, lisome. Uliza kalenda ni ya nani, na nani mwingine ameandikwa humo. Na kama kuna mtu wako nyumbani analalamika kichwa, miguu imemvimba, nawe unamwambia ni usingizi tu, weka chini hicho kisu na matoke yako, umpeleke sasa hivi. Mimi nilipewa saa sita kwa makosa ya namba. Wewe programu yako huenda inasoma saa vizuri.